Food, meal, dish: kuchagua neno sahihi la chakula kwa Kiingereza

Mama lishe wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, hachanganyi chakula na kitoweo. Akikwambia "chakula kipo, mboga ndiyo imeisha", ujue ugali upo na maharage hayapo. Mlo, pishi, kitafunwa, kiporo, posho, lishe, malisho: vyote hivyo vinahusu chakula, lakini hakuna anayeviita kwa jina moja. Kiingereza nacho kina mgawanyo wake, na sehemu kubwa unalingana na huu wetu. Tatizo huanza pale mtu anapofungua kamusi, akatafuta "chakula", akapata "food", kisha akaliandika neno hilo hilo kwenye ubao wa mgahawa, kwenye ankara, kwenye baruapepe ya kampuni ya utalii na kwenye ripoti ya lishe. Wengine hufanya kinyume chake. Wanashika orodha ya visawe kwenye simu, wanachota neno lililowapendeza, na "victuals" inatua mbele ya wali maharage.

Njia ya kuepuka yote mawili ni hii: usianze na "chakula". Anza na neno la Kiswahili ambalo ungelitumia jikoni, sokoni au ghalani kwa kitu hicho hasa. Ukishalipata, kwa Kiingereza huwa yamebaki maneno mawili au matatu ya kuchagua, mara nyingine moja tu.

Manne ya kwanza

Sentensi moja inayabeba yote manne, na inafaa kukaririwa: "The food was good, the meal lasted two hours, there were three courses, and the best dish was the fish." Chakula kilikuwa kizuri, mlo ulichukua saa mbili, vyakula vilikuja kwa awamu tatu, na pishi lililotia fora lilikuwa la samaki.

"Food" ni chakula kama kitu chenyewe, kile kinachonunuliwa, kupikwa na kuliwa. Hakihesabiki, kama maji au chumvi. Kwa hiyo husemi "a food" wala "two foods" ukiwa na maana ya sahani mbili. "Foods" ipo, lakini inataja aina za vyakula: "local foods" ni vyakula vya asili ya hapa, "foods rich in iron" ni vyakula vyenye madini ya chuma kwa wingi. Kosa hili huonekana zaidi kwenye ankara, ambako mtu huandika "12 foods" na bei pembeni. Aliyeuza milo kumi na miwili ya mchana aandike "12 lunches", au "12 meals" kama milo imechanganyika.

"Meal" ni mlo. Mlo una saa yake, una watu wake, una mwanzo na mwisho. Ndiyo maana "three meals a day" inaeleweka na "three foods a day" haieleweki. Ukimtakia mgeni mlo mwema, sema "Enjoy your meal". Ile "karibu chakula" yetu, ya kumkaribisha anayepita wakati unakula, usiigeuze neno kwa neno ikawa "welcome food". Sema "Please join us." Mgeni asiyezijua desturi zetu anaweza kuvuta kiti kweli, basi uwe na sahani ya ziada.

Jihadhari na "meal" nyingine, iliyofanana na hii kwa tahajia tu. Hiyo ni nafaka iliyosagwa, kama katika "maize meal". Asili zao ni mbili: moja ilitoka kwenye neno la kale lenye maana ya wakati uliopangwa, na nyingine kwenye neno la kusaga. Ukivuka Tunduma kuingia Zambia utasoma "mealie meal" kwenye mifuko ya unga wa mahindi. Hiyo si milo.

"Dish" ni pishi, yaani chakula kimoja kilichoandaliwa kwa namna yake. Makande ni "a dish". Mbalaga ya Wanyakyusa ni "a dish". Parachichi lililokatwa vipande viwili si "dish", lakini saladi ya parachichi ni "dish". Neno hilo pia ni chombo, na "the dishes" kwenye sinki ni vyombo vya kuosha. Bosi akisema "Please do the dishes", anakutuma kuosha vyombo, hajakuagiza upike.

"Course" ni awamu ya mlo. Hapa ndipo hoteli zetu nyingi hujifunga zenyewe. Mlo wa kwetu huja mezani wote kwa pamoja: wali, nyama, mboga, tikiti maji pembeni. Ukiandika "three-course dinner", mgeni atategemea kianzio kije, aletewe, sahani iondolewe, ndipo mlo mkuu ufuate, na kitu kitamu kije mwisho. Ukimletea vyote mara moja hatasema kitu, ila ataona amelipia ambacho hakukipata. Kama unatoa vyote pamoja, andika "lunch with soup and fruit" na umemaliza kazi.

Majina ya awamu zenyewe ni "starter", "main course" na "dessert". Liache neno "entrée" kabisa, kwa sababu Mmarekani akiliona anaelewa mlo mkuu, ilhali Mwingereza na Mwaustralia wanaelewa kianzio. "Dessert" ina s mbili na mkazo uko nyuma, di-ZAT. Yenye s moja na mkazo mbele, DE-zat, ni jangwa. Mwingereza pia huita kitamutamu chochote cha mwisho "pudding", hata kama ni keki.

Jirani wa haya manne ni "cuisine", linalotamkwa kwi-ZIN, nalo maana yake ni mapishi ya jamii au eneo zima kwa jumla yake. "Nyakyusa cuisine" ni sawa. "Today's cuisine is rice and beans" si sawa, maana wali maharage ni pishi moja. "Fare" nalo ni chakula kinachopatikana mahali fulani, kama "traditional fare", lakini ni neno lile lile la nauli. Mgahawa ulio karibu na stendi ukiandika "Fare 4,000" utapata wateja wanaouliza basi linaondoka saa ngapi. "Local food" inatosha.

Ugali, mboga na vingine visivyo na jina la moja kwa moja

Vyakula vya nyumbani viachiwe majina yake, kisha yafuatwe na maelezo mafupi. "Ugali, stiff maize porridge" ndiyo tafsiri inayoeleweka. Hiyo "stiff" usiiondoe, kwani "porridge" peke yake ni uji, na kwa Mwingereza ni uji wa oti wa asubuhi. Makande: "maize and beans cooked together". Mbalaga: "cooked green bananas", ukiongeza kilichomo, kama ni nyama, maharage au maziwa. Usiandike "bananas with meat" peke yake. Kwa Mzungu, "banana" ni ndizi mbivu ya kumenya, na picha inayomjia kichwani haimvutii. "Plantain" nayo ni ndizi ndefu za aina ya mkono wa tembo. Usiibandike kwa kila ndizi ya kupika inayotoka Tukuyu.

Neno gumu kuliko yote ni "mboga". Kwetu linaweza kuwa mchicha, na linaweza kuwa dagaa, kwa sababu tunamaanisha kile kinachosindikiza ugali. "Vegetables" haina maana hiyo ya pili, na "the vegetable is sardines" ni kichekesho. Kama ni majani, andika "greens". Kama ni kitoweo chochote, kitaje kwa jina lake: "with beans", "with beef stew", "with small dried fish". Upande wa Zambia na Malawi watu wakizungumza Kiingereza huita kitoweo "relish", kwa hiyo dereva wa lori pale Tunduma au Kasumulu akikuuliza "What relish do you have?", mtajie nyama, samaki na maharage. Neno hilo hilo usimwandikie mgeni kutoka Ulaya. Yeye "relish" anaijua kama achari ya chupa.

Nyama nayo Kiingereza kinaigawa kwa njia ambayo sisi hatuna. Mnyama akiwa hai ana jina moja, akifika mezani ana jingine: "cow" na "beef", "pig" na "pork", "sheep" na "mutton". Majina ya mezani yaliletwa na watawala waliosema Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na yakabaki. Kwa hiyo "cow meat" inaeleweka lakini inachekesha, na kitimoto ni "pork", kamwe si "pig". Mbuzi na kuku hawana utata, "goat" na "chicken" zinatosha. Samaki ni "fish" akiwa majini na akiwa kikaangoni.

Yafuatayo yanaponza wengi kwa sababu Kiswahili kimeyaazima kutoka Kiingereza, kisha yakabadilika maana njiani. "Rosti" si "roast". Rosti ni nyama yenye mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu, na kwa Kiingereza ni "beef in thick tomato sauce" au "beef stew". "Roast beef" ni pande kubwa la nyama lililookwa kwenye oveni na kukatwa vipande vyembamba. Mgeni akiagiza hilo halafu akaletewa mchuzi, ana haki ya kulalamika. "Supu" yetu ya asubuhi, inayoliwa na chapati, ni nyepesi, kwa hiyo "beef broth" inaieleza vizuri kuliko "soup", ambayo mara nyingi ni nzito. Nyama choma ni "grilled meat", au "charcoal-grilled" ukitaka kusifia mkaa wako. Chipsi ni "chips" kwa Mwingereza na "fries" kwa Mmarekani, na kile Mmarekani anachokiita "chips" ni vile vya pakiti, ambavyo Mwingereza huviita "crisps". Viazi mviringo vya Njombe na Uporoto tumezoea kuviita "Irish potatoes", nacho ni Kiingereza cha huku. Mgeni anasema "potatoes" tu. Chai ya rangi ni "black tea", wala usithubutu kuandika "colour tea".

Kisha kuna "tamu". Chakula kitamu si "sweet food". "Sweet" ni chenye sukari. Ukimwambia mgeni kuku wako ni "very sweet", atadhani umempaka asali. Sema "delicious" au "tasty". Na kinyume chake, mgeni akisema chakula ni "edible", usishukuru. Hilo neno lina maana kwamba kinalika, hakina sumu. Likitumika mezani ni kejeli ya Kiingereza, upole juu na kisu chini. "Hot" nayo ni ya moto na ni ya pilipili, basi uliza: "Hot or spicy?"

Jambo moja la jikoni kabla ya kwenda mbele. Unga wa mahindi usiutafsiri "cornflour". Nchini Uingereza "cornflour" ni wanga mweupe laini wa kuzuia mchuzi usiwe mwepesi, na anayeufuata mwongozo wako wa kusonga ugali kwa unga huo ataishia na gundi. Andika "maize flour" au "maize meal". Dona ni "whole-grain maize flour". "Corn" kwa Mmarekani ni mahindi, lakini kwa Kiingereza cha zamani cha Uingereza ilikuwa nafaka yoyote, kwa hiyo "maize" ndilo neno salama. Mchele, wali na mpunga vyote huitwa "rice". Ukiwa unauza mpunga wa Kyela au wa Usangu kabla haujakobolewa, neno ni "paddy", na kwenye mkataba tofauti hiyo ni fedha.

Mlo na saa yake

"Breakfast" na "lunch" hazina ubishi. Ubishi uko jioni. "Dinner" kwa wengi ni mlo mkuu wa jioni, lakini wapo Waingereza, hasa wa kaskazini, wanaoita hivyo mlo wa mchana, na wao hao huita mlo wa jioni "tea". "Supper" ni mlo mwepesi wa jioni au usiku. Chai yetu ya saa nne ni "mid-morning tea" au "tea break". Dawa ya mkanganyiko wote huo ni kuandika saa pembeni ya jina, na saa yenyewe uihamishe kwa uangalifu. Saa moja jioni ni 7:00 pm, si 1:00 pm. Kila saa ya Kiswahili ongeza au punguza sita. Kundi la wageni likifika mezani saa saba mchana kwa ajili ya chakula cha jioni, chanzo huwa ni hapo. Ukiandika 19:00 hakuna wa kukosea.

Kwa wanaopeleka wageni Ruaha kwa safari ya kutwa, chakula cha kubeba ni "packed lunch" kwa Mwingereza na "box lunch" kwa Mmarekani. "Lunch box", ambayo waongozaji wengi hulitumia, hasa ni kopo lenyewe. Hakuna atakayelala njaa kwa kosa hilo, lakini kwenye mkataba andika "packed lunch".

Kwenye bei za vyumba utakutana na "board". Hapo "board" ni chakula, kutokana na meza iliyokuwa ya ubao. "Full board" ni chumba na milo mitatu. "Half board" kwa kawaida ni kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kwa hiyo mgeni wa "half board" akiomba "packed lunch", hiyo ni ya kulipia, na mwambie mapema. Vinywaji havimo isipokuwa umeandika hivyo, na usiandike "all-inclusive" kama soda na bia ni za kulipia.

Kiasi kwenye sahani kina maneno matatu. "Portion" ni kiasi kinachopimwa na mpishi, hivyo nusu sahani ni "half portion". "Serving" ni karibu sawa nayo, na hutumika zaidi kwenye vifungashio na kwenye mwongozo wa mapishi: "serves four". "Helping" ni ule upakuzi mtu anaojipakulia au kupakuliwa, na anayetaka kuongezwa anaomba "a second helping" au kwa kifupi "seconds". Na mwongozo wa mapishi ni "recipe", RE-si-pi. Risiti ni "receipt", ri-SIT, p haitamkwi. Mgeni akiomba "recipe" baada ya kusifia chakula, hataki risiti ya mashine.

Vitafunwa, kiporo na makombo

Andazi, sambusa, karanga, kipande cha muhogo: kimoja ni "a snack", vingi ni "snacks". Kwenye semina za mjini Mbeya na Iringa vitafunwa huitwa "bites", na ukielekea Kenya utasikia "bitings". Ya pili haipo kwa Mwingereza. Ya kwanza ipo, ila "a bite" kwake ni kula kidogo kwa haraka, "let's grab a bite", na "bites" ni alama za kuumwa na mbu. Kwenye bajeti na ratiba andika "snacks", au "refreshments" kama kuna vinywaji pamoja na vitafunwa. "Refreshments" huwa katika wingi daima na haina maana ya mlo kamili. Ukiiandika kwenye barua ya mwaliko na mkutano ukavuka saa saba mchana, watu watakuwa wamekuja na njaa, na huna wali.

Kiporo ni "leftovers", nalo daima ni wingi. Makombo ya kumwagia kuku ni "scraps". Ogopa "remains". Kwa maana ya kamusi ni mabaki, lakini kwa sikio la Kiingereza "the remains" ni maiti, na "we will serve the remains tomorrow" haitasahaulika haraka.

Sokoni, ghalani na kwenye ripoti

"Groceries" ni vitu vya jikoni vinavyonunuliwa dukani, kama unga, mafuta, sukari na chai. Kwetu grosari ni mahali pa kunywea bia. Kwa hiyo Mtanzania akiandika "I was at the grocery until midnight", Mwingereza anashangaa kilichokuwa kikinunuliwa muda wote huo. Mahali hapo ni "bar" au "pub". Duka ni "grocery" au "grocer's". Genge la nyanya na vitunguu ni "vegetable stall". Vivyo hivyo hoteli ya kula isiyo na vyumba ni "restaurant" au "café", si "hotel". Mama lishe ni "food vendor".

"Provisions" na "supplies" ni akiba ya safari au ya kambi, vyote katika wingi. Wapagazi wanaopanda Mlima Rungwe wanabeba "provisions". Tofauti ya maneno hayo mawili ni kwamba "supplies" huingiza pia betri, sabuni na mahema. "Rations" ni posho ya chakula inayogawiwa kwa kipimo, ya askari au ya wakimbizi. Posho ya semina, ile ya fedha, ni "allowance".

Kwa wakulima, tofauti ya "crops", "produce" na "products" ina uzito. "Crops" ni mazao yangali shambani, au aina za mazao: mahindi ni "food crop", na chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi ni "cash crops". "Produce" ni mazao yaliyovunwa, hasa mabichi, nayo haihesabiki, kwa hiyo "our produces" ni kosa. Mkazo uko mbele, PRO-dyus. Ukiusogeza nyuma linakuwa kitenzi cha kuzalisha. "Products" ni bidhaa, yaani kitu kilichopitia mikononi mwa msindikaji. Parachichi la Njombe ni "produce", mafuta yake ni "product". Banda la maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale likiwa na vyote viwili liandike vyote viwili. Chakula kikuu cha eneo, kama ndizi Rungwe au wali Kyela, ni "staple food". "Foodstuffs" hutumika kwenye biashara na usafirishaji, si mezani.

Ripoti zina mtego mmoja mbaya. "Usalama wa chakula" kwa Kiswahili cha serikali mara nyingi ni ule wa kuwa na chakula cha kutosha, na kwa Kiingereza ni "food security". Hiyo ndiyo habari ya maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, ya Makambako. Lakini maneno hayo hayo ya Kiswahili hutumika kwa chakula kisichodhuru, kisicho na sumukuvu wala vijidudu, na hicho ni "food safety", kazi ambayo tangu mwaka 2019 imekuwa chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukitafsiri bila kusoma aya nzima utampeleka mfadhili wa maghala kukagua machinjio.

Na usiandike "food" penye "nutrition". Iringa na Njombe huvuna mahindi kwa wingi, na bado ni miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa wa watoto nchini. Sentensi hiyo haiandikiki kwa Kiingereza bila maneno mawili: "There is enough food, but nutrition is poor." "Nutrition" ni lishe kama mchakato na kama taaluma. "Diet" ni kile mtu anachokula siku zote, na "a poor diet" ni mlo duni wa kila siku. "Going on a diet" ndiyo kujinyima ili kupunguza uzito. Ukimwandikia daktari kwamba mtoto "is on a diet", ataelewa amewekewa masharti ya kula. "Nourishment" ni virutubisho vinavyomfikia mlaji, neno zuri la kiuguzi lakini si la menyu.

Vya mifugo havigusi kabisa meza ya watu. "Feed" ni chakula cha mifugo kilichoandaliwa, "fodder" ni majani na mabua ya kulisha, pumba ni "maize bran", na mashudu ya alizeti ni "sunflower seedcake". Kwa sababu hiyo, hata kitenzi "feed" kikae mbali na wageni wazima. Usimwambie mtu "We will feed you at seven." Mtoto mchanga na ng'ombe ndio wanaolishwa. Mgeni anahudumiwa: "Dinner is served at seven."

Maneno ya mtaani kama "grub", "chow", "nosh" na "tucker" ya Waaustralia yajue kwa kusikia tu. "Great grub!" ni sifa. Lakini "grub" pia ni funza wa mdudu, na kuliona neno hilo limechapwa kwenye menyu si jambo la kumfurahisha mlaji. "Victuals", ambayo hutamkwa karibu na vitlz, na "comestibles" waachie wanaocheza chemshabongo.

Kurekebisha ubao mmoja

Chukua ubao wa kawaida. Juu pameandikwa "FOODS". Chini yake: "Rice beef roast", "Porridge with vegetable sardines", "Sweet traditional chicken", "Colour tea".

Kichwa kiwe "MAIN DISHES", na chai ishushwe chini ya "DRINKS". Mstari wa kwanza: "Rice with beef in thick tomato sauce". Wa pili: "Ugali, stiff maize porridge, with small dried fish from Lake Nyasa and greens". Wa tatu: "Free-range chicken stew", lakini kama tu kuku ni wa kienyeji kweli, aliyekuwa akitembea uwanjani. Kama ni wa banda, andika "chicken stew". Wa nne: "Black tea". Ubao umekuwa mrefu kidogo, ila mhudumu amepunguziwa maswali manne kwa kila meza.

Baada ya hapo pitia kila mstari ukiangalia viungo vilivyofichika. Huku kwetu mboga za majani huungwa kwa karanga zilizosagwa, na jina la pishi halisemi hivyo. Watu wenye mzio wa karanga wanaweza kuzidiwa kwa kijiko kimoja. Andika "contains peanuts". "Groundnuts" ni sahihi, ila wageni wengi hawalijui. Usiandike "nuts" peke yake, kwani hapo watafikiria korosho. Vilevile, "vegetarian" hali nyama wala samaki, na maharage yaliyopikwa kwa supu ya mifupa si "vegetarian dish" hata kama kipande cha nyama hakionekani. "Vegan" huongeza kukataa maziwa, siagi, mayai na asali. Mgeni akiuliza "Is there any meat in this dish?", usimjibu kwa kuangalia sahani. Nenda jikoni umuulize aliyepika.